Ishara, Nia na Kufuli ya Simu

Ishara ya mkono inayofungua simu kupitia saa janja hubeba kauli mbili kwa mpigo mmoja. Ya kwanza ni dai: aliyevaa saa hii ndiye mwenye simu. Ya pili ni idhini: simu na ifunguke sasa. Mtu hubana kidole gumba na cha shahada, hukunja ngumi, au huzungusha kifundo cha mkono kwa namna aliyoizoesha saa yake, na kioo kikawaka kabla hajatambua kwamba amesema mambo mawili. Hata hivyo mambo hayo hayafanani. Dai huwa kweli au uongo, na ukweli wake hautegemei anavyotaka msemaji. Idhini haiwi kweli wala uongo. Ama imetolewa ama haikutolewa, na haipo kabisa pasipo mtu kutaka. Swali lililofufuliwa na vifaa hivi lina umri mkubwa kuliko umeme: je, mwendo wa mwili unaopimwa kwa nje tu unaweza kuthibitisha kwamba ndani yake mlikuwa na nia?

Saa yenyewe haiuoni mkono. Ndani yake mna akselerometa, inayopima mwendo unavyoongezeka na kupungua kasi, na jairoskopu, inayopima mzunguko. Upande unaogusa ngozi una taa ndogo za kijani na kihisi kinachosoma damu inavyopita mishipani. Kazi yake kuu ni kuhesabu mapigo ya moyo, ila vidole vinapobanwa, mtiririko wa damu kwenye kifundo hubadilika kidogo, na badiliko hilo nalo husomwa. Kampuni ya Apple ilitumia vihisi hivi mwaka 2021 ilipotangaza huduma ya AssistiveTouch kwa saa zake, iliyokusudiwa hasa watu wenye ulemavu wa mikono. Mwaka 2023 ikaja saa ya Series 9 na ishara ya kugonganisha vidole mara mbili kwa watumiaji wote. Samsung nayo ina saa zinazotambua ngumi na vidole vilivyobanwa. Huko nyuma, mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walionyesha kwa mfumo wao uitwao uWave kwamba akselerometa moja inatosha kutambua ishara ambayo mtumiaji ameionyesha mara moja tu. Mchoro wa mwendo mpya hunyooshwa na kubanwa katika muda mpaka ulingane na ule wa awali kadiri iwezekanavyo, kisha tofauti iliyobaki hupimwa. Ikiwa ndogo kuliko kiwango kilichowekwa, ishara hukubaliwa.

Kiwango hicho ndicho chanzo cha ugumu wote wa upande wa dai. Namba ya siri ya tarakimu nne ina uwezekano 10,000, na inayoingizwa ama ni sahihi ama si sahihi. Mwendo wa mkono haujirudii sawasawa hata siku moja. Mwenye mkono akichoka, akibeba mzigo au akishikwa na baridi, mchoro wake hubadilika. Kiwango kikilegezwa, mgeni huingia. Kikikazwa, mwenye nyumba hufungiwa nje. Alama za vidole na sura zina tatizo hilohilo, ila kwa kadiri ndogo: Apple hutaja uwezekano wa mtu mmoja kati ya 50,000 kufungua simu ya mwingine kwa kidole, na mmoja kati ya 1,000,000 kwa sura. Hii ndiyo sababu saa zinazouzwa madukani hazitegemei umbo la ishara kumjua mtu. Mvaaji huingiza namba ya siri ya saa mara moja, na saa hubaki wazi maadamu iko mkononi, ikivuliwa hujifunga. Uaminifu uliothibitishwa asubuhi hutembea naye mchana kutwa, ukilindwa na mguso wa ngozi. Ishara inayokuja baadaye haithibitishi mtu ni nani. Inatumia uthibitisho uliokwisha kufanyika.

Augustino wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba nchini Algeria, aligawa alama katika mafungu mawili alipoandika kitabu chake cha mafundisho ya Kikristo, alichokianza miaka ya mwisho ya karne ya 4. Kuna alama za asili, zinazojulisha jambo bila mtu kukusudia kujulisha: moshi na moto, unyayo na mnyama aliyepita. Kuna pia alama zinazotolewa, ambapo kiumbe mwenye uhai hufanya tendo fulani ili mwingine ajue kilicho moyoni mwake. Mgawanyo huu unaifaa saa janja kuliko wengi wanavyoweza kutarajia. Mapigo ya moyo ni alama ya asili. Ngumi iliyokunjwa kwa kusudi ni alama iliyotolewa. Ugumu uko katikati, kwani ngumi hiyohiyo ina kasi yake, mtetemo wake na mpangilio wa misuli ambao mwenyewe hakuuchagua. Mfumo unaomtambua mtu kwa namna anavyokunja ngumi husoma alama ya asili iliyofichwa ndani ya alama iliyotolewa. Dai hupatikana katika sehemu ya mwendo asiyoimiliki, na idhini katika sehemu anayoimiliki, na kihisi hakina njia ya kuzitenganisha.

Ofisi za Afrika Mashariki zimeujua mchanganyiko huu kwa muda mrefu kupitia dole gumba linalotiwa kwenye hati na asiyejua kuandika. Mistari ya kidole inathibitisha kidole ni cha nani. Haithibitishi kwamba mwenye kidole alielewa shamba lake linauzwa. Kwa hiyo sheria huongeza shahidi. Uganda ina sheria mahsusi ya kuwalinda wasiojua kusoma, iliyotungwa enzi za ukoloni, inayomtaka aliyeandika hati ajitaje jina na anwani, na kwa kufanya hivyo aonekane amethibitisha kwamba maandishi yalisomwa na kuelezwa kwa mwenye kutia alama. Shahidi hakuwekwa pale kwa ajili ya mistari ya kidole. Amewekwa kwa ajili ya idhini.

Kisa cha Isaka katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 27, kinaonyesha dai na idhini zikiachana mbele ya msomaji. Isaka amezeeka na macho hayaoni. Anataka kumbariki Esau, mwanawe mwenye malaika nyingi mwilini. Yakobo anaingia amejifunga ngozi za mbuzi mikononi na shingoni, amevaa nguo za kaka yake. Mzee anachunguza kwa uangalifu ambao mhandisi wa leo angeusifu: anasikiliza sauti, anapapasa mikono, anauliza tena, anaonja chakula, ananusa mavazi. Sauti inapinga na mikono inakubali, na ushahidi mwingi ukaushinda mmoja, jinsi simu za sasa zinavyojumlisha vipimo mbalimbali na kutoa uamuzi. Dai lilikuwa la uongo. Lakini baraka ilipotamkwa ilisimama, na Esau alipokuja na kulia, Isaka alitetemeka mno lakini hakuifuta. Wafasiri wamejadiliana karne nyingi ni kwa nini neno lililomkusudia mmoja limfunge mwingine aliyekuwa mbele ya msemaji. Kwa mada hii yatosha kuona kwamba uchunguzi wote wa Isaka ulihusu utambulisho, na hakuna hata kipimo kimoja kati ya vile ambacho kingeweza kusema lolote juu ya kusudi.

Falsafa ya karne ya 20 ilirudia suala hili bila baraka na bila ngozi za mbuzi. Ludwig Wittgenstein, katika kitabu kilichotoka mwaka 1953 baada ya kifo chake, aliliweka kama hesabu ya kutoa: kuna tofauti gani kati ya mkono kuinuka na mtu kuuinua mkono? Anayejibu kwamba kinachobaki ni nia, kitu fulani kinachotangulia mwendo, hujikuta akitafuta kitu ambacho mtu mwenyewe akijichunguza hakioni. Mtu akiinua mkono kumwita konda wa daladala hana jambo la ndani alilolifanya kwanza, kisha mkono ukafuata. G. E. M. Anscombe, mwanafunzi wake, alishika njia nyingine mwaka 1957: tendo la kukusudia ni lile ambalo mtendaji anaweza kuulizwa kwa nini analifanya na swali likawa na maana kwake, naye huyajua anayoyafanya pasipo kujitazama kwanza. Donald Davidson, mwaka 1963, aliongeza mfano wa mtu anayewasha taa na, bila kujua, akamshtua mwizi aliyejificha nje kwa kumjulisha kwamba kuna mtu nyumbani. Tendo ni moja. Kwa maelezo ya kuwasha taa ni la kukusudia, kwa maelezo ya kumshtua mwizi si la kukusudia.

Mkono uliovaa saa huishi katika mfano wa Davidson saa zote. Mwanamke anakanda unga wa chapati, anaukunja na kuubonyeza; mwanakwaya anapiga makofi; dereva anang'ang'ania usukani barabara ikiharibika. Kila mmoja ameutumia mkono kwa kusudi. Hakuna aliyefungua simu kwa kusudi. Watengenezaji hulijua hili, na dawa yao ni ya kiufundi tu: ishara ikubaliwe pale tu kioo cha saa kimeamka, au irudiwe mara mbili, au itanguliwe na mwendo mwingine. Kwa malipo, Apple hutaka kitufe cha pembeni kibonyezwe mara mbili. Mbinu hizi hupunguza ajali kwa kuchagua miondoko ambayo watu huifanya kwa nadra. Zinadhani kwamba jambo la nadra ni jambo la makusudi, na dhana hiyo husaidia mara nyingi, lakini ni kukisia nia kwa hesabu ya mazoea ya umma. Mtu mwenye kazi au ugonjwa unaomfanya arudie mwendo wa nadra haingii katika hesabu hiyo.

Fikihi ya Kiislamu imelichimba jambo hili kwa undani kuliko falsafa, kwa sababu imelazimika kutoa hukumu juu yake kila siku. Hadithi inayofungua Sahihi ya Bukhari, iliyopokewa kupitia Umar ibn al-Khattab, huyapima matendo kwa nia, na wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, huweka nia katika nguzo za udhu na sala. Wameeleza pia kazi yake: nia hutenganisha ibada na ada. Mtu anayejimwagia maji kwa ajili ya joto na anayeoga janaba wanaweza kufanana tone kwa tone, na mtazamaji asijue yupi ni yupi. Hapo wanazuoni hao hawakujaribu kuiona nia. Imamu Shafi mwenyewe alisisitiza kwamba hukumu za duniani hufuata yaliyo dhahiri, na ya ndani huachiwa Mungu. Mwili umepewa hata kipimo chake cha nje: katika vitabu kama Minhaj ya Nawawi, kinachosomeshwa hadi leo katika vyuo vya pwani, vitendo vitatu vikubwa vinavyofuatana hubatilisha sala, lakini kuchezesha vidole kwa wepesi, kama katika kuhesabu tasbihi, hakubatilishi. Anayesali na simu yake ikalia, akainyamazisha kwa kubana vidole viwili, huenda akawa amesalimika kwa kanuni iliyoandikwa zaidi ya miaka 700 kabla ya saa hizi.

Yenye manufaa zaidi hapa ni milango ya fikihi inayomhusu bubu. Ishara yake inayoeleweka huchukuliwa kama tamko: huuza, hununua, huoa na huacha kwayo. Kanuni hiyo iliingia pia katika Majalla, mkusanyo wa sheria za kiraia wa dola ya Uthmaniya uliotungwa kati ya 1869 na 1876, kama kifungu cha 70. Washafi wakaigawa ishara yenyewe. Ikieleweka na kila mtu ni ya wazi. Ikieleweka na wenye akili kali tu ni kinaya, yaani ya fumbo, na kinaya haifanyi kazi bila nia kuambatana nayo. Ishara ya siri ya kufungulia simu ni kinaya iliyotengenezwa makusudi: thamani yake yote ni kwamba mtu wa pembeni asiielewe. Kwa kipimo hicho ndiyo ishara inayohitaji nia kuliko nyingine zote, na ndiyo inayosomwa na msomaji asiye na uwezo wa kuiuliza nia hiyo.

Washafi hao walitaja pia mambo ambayo ishara ya bubu haifiki, na ushahidi mahakamani ni mojawapo. Mtu anaweza kujifunga mwenyewe kwa ishara, akakiri deni au akaridhia bei. Kumthibitishia kadhi jambo lililotokea kwa wengine ni daraja nyingine. Tofauti hiyo inaangukia pale pale ilipoanzia mada hii. Idhini ni ya kujifunga, na ishara inaifaa. Dai la kwamba fulani ndiye mwenye mali halithibitiki kwa kudai, kwani katika fikihi mzigo wa ushahidi ni wa mdai. Muundo wa saa unaochukua utambulisho kwenye namba ya siri na mguso wa ngozi, kisha ukaiachia ishara kazi ya idhini peke yake, uko sawa zaidi kuliko ule unaotaka mkunjo mmoja wa vidole uthibitishe mtu na ridhaa yake kwa pamoja. Utafiti mwingi wa ishara za kufungulia umekazana na njia ya pili, pengine kwa sababu ndiyo inayopimika.

Kuna muundo wa tatu, na huo una walakini mkubwa zaidi. Aprili 2021, wakati barakoa zimeziba nyuso, Apple ilitoa iOS 14.5, toleo la programu endeshi ya simu zake, iliyoruhusu simu kufunguka mara ionapo uso uliofunikwa, endapo saa ya mwenyewe imevaliwa, iko wazi na iko karibu. Hakuna ishara yoyote iliyohitajika. Saa ilitikisika mkononi na kuonyesha kitufe cha kuifunga simu tena. Idhini ikawa kutopinga. Fikihi haikatai ridhaa ya kimya: kimya cha bikira anayeombwa ruhusa ya kuozwa huhesabiwa kukubali, na kifungu cha 67 cha Majalla husema kwamba anyamazaye hanasibishwi kauli, isipokuwa pale ambapo kusema kulihitajika. Lakini bikira huyo ameulizwa kwanza, na anajua kimya chake kitachukuliwaje. Mtikisiko wa saa hufika baada ya mlango kufunguliwa. Ni taarifa, na aliyelala au aliye katikati ya kelele hawezi kuhesabiwa amenyamaza kwa maana hiyo.

Mahakama za Marekani zimefika kwenye swali hilihili kwa kupitia Marekebisho ya Tano ya Katiba, yanayomkinga mtu asilazimishwe kutoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Mwaka 1966 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba damu inayotolewa mwilini si ushahidi wa aina hiyo, kwa kuwa damu haisemi kilicho akilini. Mwaka 1988 Jaji John Paul Stevens, akipinga uamuzi wa wenzake, alitofautisha kumlazimisha mtu atoe ufunguo wa sanduku na kumlazimisha afichue namba za kasha la ukutani. Jaji mmoja wa Virginia akaufuata mpaka huo mwaka 2014: polisi wanaweza kudai kidole, hawawezi kudai namba ya siri. Mpaka huo haujatulia. Mwaka 2024 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya eneo la magharibi ililinganisha dole gumba lililolazimishwa na damu iliyotolewa. Januari 2025 mahakama ya rufaa ya Washington, D.C. ikaona kwamba kufungua simu kwa kidole kwa amri ya polisi ni kujibu swali la nani anaitawala simu hiyo. Ishara iliyobuniwa na mwenye simu huvuruga hesabu yote. Ni ya mwili kama kidole, na ni ya kukumbukwa kama namba. Huwezi kumshika mtu mkono na kuufanyiza ishara kama unavyoweza kumkandamiza kidole kwenye kioo. Huko Largo, Florida, mwaka 2018, polisi walijaribu hata kidole cha marehemu, na simu haikufunguka. Ishara hufa na mjuzi wake. Kwa upande huo imekaa karibu na tamko kuliko alama ya kidole, na inastahili kinga inayopewa tamko.

Ila kujua kwenyewe kuna sura mbili. Mwanafalsafa Maurice Merleau-Ponty aliandika mwaka 1945 juu ya mpiga chapa ambaye vidole vyake vinajua zilipo herufi ingawa akiulizwa hawezi kuzionyesha kwa haraka. Ishara inayorudiwa mara nyingi kila siku huhamia huko. Mtu akishazoea, mkono hufungua simu huku akili iko kwenye mazungumzo, na pengine baadaye asikumbuke kama aliifungua. Washafi wangesema tendo limerudi kuwa ada. Anscombe angesema bado ni la kukusudia, kwa kuwa akiulizwa kwa nini anafungua simu atakuwa na jibu. Katika mambo mengi ya kawaida Anscombe ana haki. Hakuna anayetaka kuleta nia kila mara atakapo kujua saa ngapi. Katika kuhamisha fedha hali si hiyo, na ndiyo maana huduma za fedha kwa simu kama M-Pesa kwa kawaida hudai namba ya siri kabla ya kutuma fedha: usumbufu wa kuiandika humrudisha mtu kwenye anachokifanya.

Mwanafalsafa John Locke, katika sura aliyoiongeza mwaka 1694 kwenye kitabu chake juu ya ufahamu wa binadamu, aliuweka utambulisho wa mtu kwenye fahamu na kumbukumbu badala ya mwili. Vifaa vinaonekana kushika upande wa mwili, lakini chini kabisa humfuata Locke: simu ikizimwa na kuwashwa upya haikubali uso wala kidole, hudai namba ya siri, yaani kumbukumbu. Mwenye ugonjwa wa Parkinson ambaye mkono wake umeanza kutetemeka ataambiwa na saa inayomtambua mtu kwa ishara kwamba si yeye, na hujirudishia utambulisho wake kwa namba anayoikumbuka. Kinyume chake ni mgonjwa wa Alzheimer. Namba imemtoka, pamoja na majina ya wajukuu, lakini ujuzi wa mikono hudumu zaidi, na vidole vyaweza kuikamilisha ishara bila kosa. Dai lake ni kweli kwa kila kipimo. Idhini yake inahitaji akili inayojua nini kinafunguliwa na kwa ajili ya nani, sharti ambalo fikihi na sheria za kiraia zote mbili huliweka kwa mwenye kutoa ridhaa. Anayekaa kando yake na kuusubiri mkono huo ubane vidole atakuwa amepata simu iliyo wazi bila ruhusa ya mtu yeyote, na ruhusa hiyo itabidi aitafute kwa mlezi aliyewekwa kisheria.